Figo Yangu Haikumuua

Figo yangu moja nilimpa dada. Zilikuwa enzi zile za serikali kuuza mashirika ya umma, na shemeji, karani wa shamba la mkonge kule Mazinde, alibahatika kupata tajiri mpya aliyekubali kutupeleka India.

Mimi na dada hatukujua Kiingereza, kwa hiyo shemeji ndiye aliyetafsiri. Nikiwa napigwa picha za figo chumba kingine, daktari alimuuliza dada mama yetu alikufa kwa ugonjwa gani. Mama alikufa kwa kansa ya ziwa, na bibi mzaa mama vilevile. Lakini kwetu Uzigua mwili wa mkwe hautajwi mbele ya mkwewe. Mama alipougua, shemeji aliishia uani, akaambiwa ni homa. Dada naye akajibu ni homa, na shemeji akatafsiri kwa uaminifu wote.

Figo ilishika. Dada akarudi Korogwe, akanenepa, akafungua genge la ndizi za Vugiri na kuwapigia kelele wateja kuliko wachuuzi wote. Nilimtania kwamba tangu apate nyama yangu hata uchoyo umempungua. Nilikuwa na furaha, sitaki kudanganya.

Kisha ukaja uvimbe kwenye ziwa. Alikaa nao kimya hadi ukapasuka.

Daktari wa Dar aliuliza kama kuna mwingine wa kwetu aliyewahi kuugua hivyo. Dada akainamisha kichwa. Nikasema mimi: mama, na bibi. Shemeji akainuka, akatoka nje. Hakukasirika, alikuwa anamheshimu mkwewe.

Daktari alieleza taratibu. Vidonge vinavyozuia mwili usiikatae figo hupunguza kinga, na kansa hupata nafasi. Wangejua mapema, wangempima matiti kila mara, pengine wangeyatoa kabla. Sasa ilishafika kwenye ini. Wakipunguza vidonge figo itakataliwa, na wakiendelea navyo kansa itazidi. Akasema mimi na mabinti wa dada tupimwe pia.

Tulimzika Handeni. Msibani, mama mkubwa aliwaambia wageni, "Ile figo ilimkataa." Mabinti wawili wa dada walikuwa kando, wanasikiliza. Nikashindwa kuvumilia.

"Figo yangu ilikuwa nzima mpaka siku ya mwisho! Ni ziwa, kama mama, kama bibi, na hawa watoto..."

Mama mkubwa akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Nyamaza we! Wakwe wanasikia."