Mjusi wa Mvua ya Kwanza

Nilipokuwa mtoto pale Ihumwa, wakati wa Mdachi, tulikuwa na mjusi mmoja aliyeheshimiwa kuliko jumbe. Hakuzidi kidole cha mtu mzima, na hakujua kupanda ukuta kama mijusi wengine. Kiangazi chote alijificha shimoni. Mvua ya kwanza ikinyesha, alitoka jioni akitembea polepole, kanyanyua tumbo utadhani anaogopa kulowa. Na alikuwa na kope! Mijusi wa ndani ya tembe hukukodolea tu macho. Huyu alifumba na kufumbua kama mimi na wewe. Bibi yangu, mama yake baba, alisema kila akifumba anaita mvua, na atakayemtoa kwenye shimo lake atakuwa ameiondoa mvua pia.

Basi mimi nilimtoa. Nilimuuza kwa kifungo kimoja cha shaba.

Mnunuzi alikuwa Mdachi aliyepiga hema kando ya korongo, mtu mzima na ndevu zake, kazi yake kufukuzana na panzi. Alimweka mjusi kwenye sanduku la mchanga, akampigia magoti. Mjusi akifumba macho, naye anafumba. Mpishi wake, mtu wa pwani, alitikisa kichwa. "Hawa wamepatana," akasema.

Mvua ikakata. Siku ya nane uwele mchanga ukaanza kunyauka, na wazee wakaanza kuulizana nani kaharibu. Mkosaji angetozwa ng'ombe, na baba alikuwa na ng'ombe mmoja tu, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu. Nilimweleza Bibi huku nalia. Nilitegemea fimbo, lakini akasema, "Haya, mke mwenzangu, futa makamasi. Twende tukachukue kilicho chetu."

Alibeba tenga lililofungwa kwa kamba. Ndani mlikuwa na kenge aliyemnasa akila mayai ya kuku wake.

"Shikamoo, mama," mpishi alimwamkia. "Umetuletea nini?"

"Marahaba. Mwambie bwana wako nampa mkubwa, anirudishie mdogo. Ana hasara gani?"

Mdachi alifurahi, akafungua tenga kwa mkono wake mwenyewe. Lo! Kenge alitoka kama amechomwa moto, akachapa birika kwa mkia, akaingia chini ya meza. Mdachi akapanda juu ya meza, meza ikavunjika. Mpishi alikuwa juu ya mti wa mgunga tayari, miiba na yote, akipiga kelele: "Mama, huyu ni mamba!"

Nilimchomoa mjusi sandukuni nikakimbia. Nilipofika shimoni nikafungua kiganja: mkia mtupu, bado unacheza. Mwenyewe alikuwa kanitoroka njiani. Nikausukumia mkia shimoni.

"Kaingia?" Bibi aliuliza akihema.

"Kaingia," nikasema.

Kesho yake Mdachi alituma mashtaka kwa jumbe kuwa Bibi kamwibia mjusi aliyemnunua, na wazee wakataka kujua nani aliyemuuza. Nilijificha nyuma ya baba.

"Ni mimi," Bibi akasema. "Nilitamani kifungo. Kwani uzee unakataza kupendeza?"

Baraza zima lilicheka. Alikuwa mjane asiye na ng'ombe, wakakosa cha kumtoza. Wakamnyang'anya heshima aliyokuwa nayo: kila mwaka yeye ndiye aliyeitwa kupanda mbegu ya kwanza. Kazi hiyo wakamkabidhi mwanamke mwingine.

Mvua ilirudi jioni ya pili. Kama iliitwa na mkia, sijui. Wajukuu zangu wanasema mjusi hutoka kwa sababu udongo umelowa, basi. Sibishani nao.

Ila watoto wa kijiji walimpa Bibi jina, Muuza Mvua, wakawa wanamwimbia akipita. Nami niliimba, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, wasije wakanishuku. Bibi alikuwa akigeuka, ananitazama, halafu anaitika.