Chapchap na Kifungu cha Ishirini na Tatu

Msinidanganye. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kusoma masharti ya huduma mpaka mwisho. Mnateremsha kidole mpaka chini kabisa, mnabonyeza, basi. Na mimi vilevile. Kwa hiyo nikiwasimulia habari za mwanamke huyu, asitokee mtu hapa wa kujifanya mtakatifu.

Jina lake la kuzaliwa duka zima walishalisahau. Walimwita Chapchap. Alikaa dirisha la pili ukiingia duka la simu, kwenye kiti chenye mto alioushona mwenyewe, na kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kuandikisha wateja kwenye huduma za kampuni. Dirisha la kwanza likimhudumia mmoja, yeye kashamaliza wanne. Watu walihama foleni kumfuata. Na siri yake wala haikuwa siri: hakumpa mtu nafasi ya kuyatazama masharti. "Bonyeza hapo, mpendwa. Kubali. Haya, twende, anayefuata!"

Kulikuwa na huduma ambazo mteja lazima atamke mwenyewe kwenye simu: "Nimesoma masharti yote na nimeyakubali." Wengine walikuwa wanaona haya kuongea mbele ya watu, wengine wanababaika. Chapchap hakuwa na muda wa mambo hayo. Aliivuta simu ya mteja, akatamka yeye, akairudisha. Mara ngapi alifanya hivyo? Hata yeye hakumbuki.

Sasa sikilizeni. Chapchap alilelewa na baba yake mdogo, fundi saa, mtu mtaratibu mpaka anakera. Saa moja anaweza kuikalia siku mbili. Mkewe, mama mdogo, alipoteza macho miaka sita iliyopita, na tangu hapo nyumba yao iliongozwa na mdomo wa mzee. "Kikombe kiko mkono wako wa kulia. Kuna ngazi moja hapo. Leo umevaa ile ya kijani, imekupendeza." Kutwa nzima hivyo. Ukipita dirishani ungedhani kuna redio.

Basi mzee akapata uvimbe kooni. Daktari akasema wazi: koo litaondolewa, na sauti ndiyo kwaheri. Fikiria mwenyewe. Mzee hana sauti, mama hana macho. Amwandikie nini?

Kampuni ya Chapchap ilikuwa na huduma moja mpya. Unaisomea simu sentensi mia tatu, inaichukua sauti yako, halafu siku huwezi kuongea unaandika tu, simu inasema kwa sauti yako wewe. Mzee alikuja dirishani wiki moja kabla ya kupasuliwa. Akatoa mfukoni lenzi yake ya kazini, akaibana jichoni, akaanza kusoma masharti kwenye simu. Kifungu cha kwanza. Cha pili. Foleni imefika mlangoni.

"Baba mdogo, hayo hasomi mtu."

"Nimefika cha tisa," mzee akasema. "Niache."

"Watu wananisubiri jamani!" Na mkono ukaenda wenyewe. Akaichukua simu, akatamka kwa mzee, akamrudishia. "Tayari. Nenda nyumbani ukasome sentensi zako."

Mzee alimtazama kwa lile jicho lenye lenzi, likaonekana kubwa. Akaenda nyumbani, akasoma sentensi zote mia tatu, siku nne, akapasuliwa.

Karibu miezi miwili ikapita ya hospitali na vidonda. Nyumbani mzee aliongea na mkewe kwa kumgonga kiganjani. Mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Mama mdogo akawa anakaa kimya sebuleni, na Chapchap akienda kuwaona alitoka pale roho imemuuma. Walikuwa wanangoja ziishe siku sitini ambazo kampuni ilisema zinahitajika kuitengeneza ile sauti.

Siku ya sitini, saa tano kasorobo asubuhi, mzee akaingia dukani na kitambaa shingoni, anahema. Alipita foleni yote, akaiweka simu mbele ya Chapchap. Ujumbe ulisema: kwa mujibu wa kifungu cha ishirini na tatu, mwenye akaunti anatakiwa kuthibitisha kwa sauti yake kabla ya saa sita mchana wa leo. Asipothibitisha, rekodi zote zitafutwa na hazitarudishwa.

"Kwa sauti?" Chapchap akasema. "Sauti gani tena?"

Mzee akajigusa kooni. Halafu akaigonga saa yake ya mkononi, mara moja.

Chapchap akapiga simu makao makuu. Muziki. Dakika kumi na mbili za muziki. Alipopokea mtu, alikuwa msichana mwenye adabu zake zote. "Pole sana, dada. Hatuna namna. Mfumo unafungua kwa sauti tu. Ana nafasi tatu."

"Nakwambia hana koo!"

"Naelewa, dada. Lakini alikubali masharti."

Mzee akaichukua simu yake, akajaribu. Midomo ilitamka maneno yote, hewa ikatokea kwenye tundu la shingoni alilowekewa hospitali, fyuu. Mashine ikajibu: sauti haikusikika, zimebaki nafasi mbili. Kwenye foleni mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akageuza uso.

Chapchap akapata wazo. Kwenye simu yake alikuwa na ujumbe wa sauti wa baba mdogo wa mwaka jana, anamkumbusha asisahau mwavuli. Akausogeza kwenye simu ya mzee, akauachia. Sauti nzito, ya taratibu, ikajaa duka. Mzee alipoisikia akashika ukingo wa dirisha. Mashine ikafikiri, ikajibu: sauti hii si ya mwenye akaunti, imebaki nafasi moja.

Si ya mwenye akaunti! Sauti ya mzee mwenyewe!

Saa ilikuwa tano na dakika thelathini na tano. Msimamizi wa duka, bwana mmoja wa funguo nyingi kiunoni, akasogea kuuliza kwa nini foleni haiendi. Chapchap hakumsikia. Mzee akaitoa lenzi mfukoni, akamwekea kiganjani, akamwonyesha simu. Hakuhitaji kuandika. Soma.

Na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa Chapchap akasoma, tangu mwanzo, maana hakujua njia ya kutokea imejificha kifungu gani. Herufi kama chawa. Cha kwanza, cha pili. Alipita cha tisa, pale alipomkatisha mzee. Alifika cha ishirini na tatu saa sita kasoro dakika tisa. Kiliandikwa hivi: mwenye akaunti ni yule ambaye sauti yake ilitamka tamko la kukubali siku ya kufungua, na sauti hiyo ndiyo itakayothibitisha kila baada ya siku sitini.

Alikisoma tena, ingawa alishaelewa. Mwenye akaunti alikuwa yeye.

Akainua macho. Msimamizi alikuwa palepale, amekunja mikono. Nyuma yake ukutani kuna karatasi iliyobandikwa mwezi ule: mhudumu atakayetamka kwa niaba ya mteja ataachishwa kazi siku hiyohiyo. Akitamka sasa, mbele ya bwana huyu na foleni yote, anajichongea mwenyewe. Akitoka nje? Upande wa wahudumu ulikuwa na mlango mmoja wa kufunguliwa kwa kadi, na kadi iko kwa msimamizi. Na dakika zilikuwa sita.

Niwaambie ukweli, aliogopa. Alifikiria kodi ya nyumba, alifikiria ule mto wa kiti chake, upuuzi mtupu. Halafu akamwona mzee anavyoikodolea ile saa ya mkononi, fundi wa saa, ameshindwa kusimamisha hata dakika moja.

Akaishika simu.

"Nimesoma masharti yote na nimeyakubali," akasema. Kavu, haraka, bila kuvuta pumzi, vilevile kama siku ile.

Mashine ikafikiri. Watu wote wanafikiri nayo. Imethibitishwa. Karibu tena.

Mama wa mtoto mgongoni akapiga kigelegele kifupi, akajiziba mdomo. Msimamizi akamgeukia Chapchap.

"Wewe ndiye uliyetamka siku ile?"

"Ndiyo mimi."

"Na mkataba wako wa kazi unasemaje? Uliusaini."

"Niliusaini."

"Uliusoma?"

Chapchap akainuka kitini. Akachukua mto wake, akatoka na baba yake mdogo.

Nyumbani mama mdogo alikuwa sebuleni, mikono mapajani. Mzee alisimama mlangoni, akaandika kwenye simu kwa kidole kimoja, taratibu kama kawaida yake, mpaka Chapchap akataka kumnyang'anya amwandikie. Safari hii alijizuia.

"Mke wangu," simu ikasema kwa sauti ya mzee. "Niko hapa mlangoni. Umevaa ile ya kijani."

Mama mdogo akashtuka, akainuka, akagonga meza kwa goti. "Miezi miwili!" akafoka, machozi yanamtiririka. "Miezi miwili, mwanaume wewe, nimekaa kama niko kaburini! Ulikuwa wapi?"

Chapchap sasa anauza vitambaa dukani kwa rafiki yake, na anauza taratibu. Lakini ile akaunti haikubadilika. Hata leo kila siku ya sitini lazima aende kwa wazee wake aitunze sauti ya baba mdogo kwa sauti yake. Na mama mdogo amemwekea sharti lake yeye: hatamki mtu hapa kabla hajasoma. Kwa hiyo hukaa mkekani, anaibana ile lenzi jichoni, anasoma kwa sauti vifungu vyote arobaini na moja, mzee anasikiliza, mama anasikiliza. Siku moja alijaribu kuruka viwili.

"Rudi nyuma," simu ya mzee ikasema. "Ulikuwa cha tisa."