Raba Yenye Harufu ya Peremende

Juzi ofisini, fundi kijana alifungua kompyuta kuukuu, akaniuliza kama nina raba. Nilicheka peke yangu, maana puani ilinijia tena harufu ya peremende.

Nyumbani kwetu Kilema, nikiwa mtoto, mama alikuwa akichapa nyimbo za kwaya kwenye kompyuta ya parokia. Mchana mmoja, Pasaka ikiwa imekaribia, kompyuta iligoma. Kioo kilibaki cheusi, nayo ikawa inalia piii, piii, kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Mama akamwita Mjomba Aloisi, fundi wa Kiboriloni.

Mjomba alichomoa kibao chembamba chenye meno ya rangi ya dhahabu.

"Hii ndiyo kumbukumbu yake," alisema. "Nani ana raba?"

Mama alimpa yangu, ile ya kunukia peremende. Mjomba akaanza kusugua yale meno. Leo najua alikuwa akiondoa uchafu tu, na nyimbo zilihifadhiwa kwingine kabisa. Siku ile nilijua kazi moja tu ya raba. Nikamng'ang'ania mkono huku nikilia.

"Shikamoo mjomba, usifute! Mama kachapa tangu Kwaresima ianze!"

Alikipuliza kibao, akakirudisha, akawasha. Ikalia mara moja, kioo kikang'aa. Mama alinionyesha nyimbo zake, lakini sikuridhika. Nilimtaka aimbe, nami nikafuatisha kwa kidole, ubeti kwa ubeti. Alipomaliza aleluya ya mwisho nilishusha pumzi, ndipo nikamdai mjomba raba yangu.