Mkwe Asiyekula

Ofisini nakula peke yangu, kutoka kwenye hotipoti ambayo mke wangu huijaza kila asubuhi kabla sijatoka nyumbani Makole. Ndani kuna wali laini, kuku wa kuchemsha na karoti zilizopondwa. Wenzangu wanatania kwamba mke wangu anawaonea wivu mama lishe, nami nacheka nao. Kucheka ni rahisi kuliko kuwaeleza kwamba utumbo wangu mpana una vidonda, kwamba daktari aliniambia ugonjwa huu hauponi bali hutulizwa, na kwamba sahani moja ya maharage inatosha kunipeleka chooni mchana kutwa, na kila nikienda naona damu.

Mjini ugonjwa wa namna hii unafichika. Dodoma imejaa watumishi kutoka kila mkoa, na hakuna anayeshangaa mtu akila anachokijua mwenyewe. Kolo, kijijini kwa wakwe zangu, mambo ni tofauti.

Mama mkwe wangu ni mjane. Tulipokwenda kumsalimia mara ya kwanza tangu niugue, aliamka alfajiri kunipikia makande, mahindi na maharage. Sahani ilipoletwa nikasema nimefunga. Ningesema nini? Mtu hazungumzi na mama mkwe habari za choo. Hata mkeka mmoja sikai naye. Namwamkia shikamoo nimeinamisha macho, naye anaitikia marahaba huku ameangalia pembeni. Ni heshima, na sijawahi kuichukia. Ila siku ile ilinifunga mdomo, na nikaona afadhali.

Basi kila tukienda nikawa nimefunga. Kwa kuwa tulikuwa tunakwenda Jumamosi, siku isiyo na funga ya sunna, nilidai nalipa siku zangu za Ramadhani. Shemeji zangu wakasema hawajapata kuona mwanamume mwenye siku nyingi za kulipa kama mimi. Nilijiona mjanja sana. Mke wangu, niliyekuwa nimemwapisha asimwambie mtu, alinyamaza. Ikapita miaka minne hivyo.

Jioni moja mke wangu alikuwa anaanua nguo uani. Akasema bila kunitazama, "Unajua mama haitwi tena kupika misibani?"

Sikuelewa. Mama yake ndiye aliyekuwa akisimamia masufuria kila panapotokea msiba kijijini. Hata wali wa watu mia alikuwa anaukadiria kwa macho.

"Misiba mitatu sasa wanampa kufagia," akasema. "Wanasema mkwe wake hali chakula chake. Wanasema mkwe ameshajua kitu."

Hapo nilielewa vizuri mno. Nimekulia Dodoma mjini, lakini hilo nalijua tangu utotoni: ukikataa chakula cha mwanamke mjane mwaka hadi mwaka, umekwisha kumwita mchawi, hata kama hujafungua kinywa. Nikamgeuzia mke wangu hasira zisizomhusu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Uliniapisha," akasema, na kuendelea kukunja nguo.

Mtu mwenye akili angekwenda kusema ukweli. Mimi aibu ilinishika, nikaamua kuyamaliza kwa kula. Nafasi ikapatikana kwenye arobaini ya jirani wa mama mkwe. Kila nyumba ilileta chakula, na yeye akaleta makande yake, yakawekwa mwisho wa mkeka ambako hakuna mkono uliokuwa unafika. Nikasogea mbele ya wanaume wote, nikayavuta, nikala. Nikaomba nyongeza kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni. Yeye alikuwa amesimama mlangoni, na nilimwona akitabasamu. Makande yalikuwa matamu, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jua halijazama nilikuwa nimejikunja sakafuni. Shemeji zangu walinibeba kunipeleka kwenye gari, suruali imelowa damu, na watu wa arobaini wote wamesimama wanatazama. Nililazwa hospitalini Dodoma siku tisa. Siku ya nne mke wangu akapigiwa simu na kaka yake. Kolo walikuwa wameacha kunong'ona. Mkwe alikataa miaka minne, siku aliyokula akatoka amebebwa. Walitaka ushahidi gani tena? Watoto wa majirani walikuwa wamekatazwa hata kupita uani kwake. Niligeukia ukuta ili wagonjwa wenzangu wasinione uso.

Nilipopata nguvu ya kukaa kwenye gari, nilikwenda Kolo. Kati ya Msalato na Kondoa nilishuka mara tatu kutafuta choo. Nilimkuta mama mkwe peke yake, ameketi kwenye kigoda anapepeta uwele. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nikakaa chini mbele yake, nikamtazama machoni.

Nikamwambia yote. Vidonda, damu, idadi ya safari za chooni, vidonge ninavyomeza, na zile siku za Ramadhani ambazo hazikuwahi kuwapo. Nikamwambia kwamba makande yake hayakuwa na kosa lolote, kwamba yangenidhuru hata kama yangepikwa na mama yangu mzazi, na kwamba nitasimama mbele ya kijiji kizima niyaseme haya haya, choo na damu yake.

Alikuwa ameacha kupepeta. Ungo aliuweka mapajani.

"Kumbe ni tumbo," akasema.

"Ni tumbo, mama. Nisamehe."

"Ungeniambia ningekupikia uji." Alisema hivyo bila hasira, kisha akajifunika kanga mpaka kwenye paji la uso. "Walipoanza kusema, sikujali. Nilijua sina kitu. Ila siku ile nilikuona unavyobebwa, baba, na nilikuwa nimekupikia kwa mikono yangu. Nikaingia ndani nikamwaga unga, nikamwaga maharage. Wajukuu wamekuja mara mbili, nimewarudisha na njaa. Nilijiambia labda ninao kweli uchawi huo, ila mwenyewe siujui."