Kipande cha Besi

Saluni ya msusi huyu ilikuwa chumba kimoja chenye vioo viwili, viti vitatu, na spika ndogo juu ya kabati la mafuta ya nywele. Wateja walimtania kwamba akifa azikwe na spika yake, maana haikupita siku bila kupiga wimbo wake uleule wa soul. Mwanamke mwenye sauti nzito anambembeleza mpenzi asiondoke, na chini yake besi, ule mlio mzito wa nyuzi, inatembea polepole, inarudia, inarudia, kama mtu anayezunguka chumbani akiwa na neno moyoni. Msusi aliupenda hasa kwa ile besi. Alikutana na mume wake ukipigwa. Alipoachika, ndio uliomwinua kitandani.

Mama yake hakuwa mtu wa saluni. Alijisuka mwenyewe miaka yote, mpaka vidole vilipoanza kumgomea. Ndipo akakubali kuja, akakaa chini ya mikono ya bintiye, wakawa wanamsengenya shangazi na kucheka. Kisha ukaanza ule wimbo.

Msusi akahisi shingo ya mama inakakamaa.

"Zima."

"Nimekuvuta nywele, mama?"

"Nimesema zima hicho kitu!"

Akazima. Wateja wakatazamana kwenye kioo.

"Hiyo besi ni ya baba yako," mama akasema.

"Mama, huu wimbo umetoka mimi nishakuwa mtu mzima."

"Usinifundishe. Kaka yako ana homa, anaweweseka, na wewe uko tumboni. Namwambia baba yako twende hospitali. Ananijibu, 'Ngoja kidogo, nimeshaipata, isije ikanitoroka.' Akakaa anaipiga hiyohiyo. Jua likahama dirishani, yeye yumo tu. Tulipofika hospitali, mtoto alishapoa mikononi mwangu. Watu hawajaondoka msibani, mwenzangu akabeba besi yake akaenda kurekodi. Ndiyo kwaheri hiyo."

Msusi alijua kaka alifariki, alijua baba aliondoka. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni habari moja. Alimaliza kusuka.

Mama alipoondoka, akavuka barabara kwenda kwa fundi redio, mzee mwenye santuri zilizopangwa mpaka darini. Akamsikilizisha wimbo kwenye simu.

"Ah, dada yangu, hapa wamekata kipande," fundi akasema kwa furaha. "Vijana wa studio wanachukua santuri ya zamani ya jazi, wanakata besi, wanaizungusha, halafu wanaimba juu yake. Yenyewe ninayo."

Akaipangusa kwa shati, akaiweka kwenye gramafoni. Besi ikatoka peke yake. Ikamwingia msusi mwilini tamu vilevile, kana kwamba hakuambiwa kitu. Akachukua jalada la santuri, akaligeuza.

Nyuma ya jalada kulikuwa na picha ya bendi. Mwanamume mrefu amekumbatia besi ya kusimama, macho amefumba. Paji la uso ni la msusi, pua ni ya msusi.

"Huyo alikuwa moto wa kuotea mbali," fundi akasema. "Unamfahamu?"

"Simfahamu," akasema, akamrudishia jalada.

Tangu siku hiyo saluni ikapiga nyimbo nyingine. Wateja wakiuliza, aliwaambia ule umemchosha. Alijaribu kumlilia kaka yake, lakini hakuwa na sura ya kulilia. Alijaribu kuichukia besi, akashindwa.

Mama alirudi kufumuliwa. Kabla hajakaa, akaitazama spika.

"Uliufuta?"

"Niliufuta, mama."

"Ahsante, mwanangu." Akashusha pumzi, akainamisha kichwa.

Msusi akashika kitana, akaanza kufumua taratibu, asimuumize. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, na wimbo ulikuwa humo. Alijua kwamba mama akishapanda gari, atafunga mlango ausikilize tena, na kwa hilo alijichukia kuliko alivyomchukia yule mwanamume wa kwenye picha.