Nauli ya Kwenda kwa Dada

Dada yangu mkubwa alitoka Ubelgiji akakaa nami siku tisa katika chumba changu kimoja, ghorofa ya kumi na saba, mtaa wa St. James Town, huku ng'ambo ninakoishi peke yangu. Asubuhi ya kuondoka alisogeza vikombe akamwaga yuro zake mezani.

"Njoo ujifunze, usije ukaniaibisha dukani."

Noti hazikuwa na sura ya mtu. Madirisha, malango na madaraja tu. Nikauliza madaraja hayo yako wapi.

"Hayapo popote, mdogo wangu. Nchi zote hizi, wangemchora nani pasiwe na ugomvi?"

Sarafu zilifanana upande mmoja. Upande wa pili kila nchi na lake: tai wa Wajerumani, mfalme wa huko kwake. Nilidhani lazima uzichambue kama mchele kabla ya kulipa. Akacheka. Yenye tai inanunua mkate Brussels na hakuna anayeiuliza imetoka wapi. Niliionea wivu, maana mimi nilikuwa naulizwa kila wiki.

Mlangoni akanifumbatisha noti ya ishirini na sarafu nne.

"Nauli yako. Treni kutoka uwanja wa ndege mpaka kwangu."

Kwetu mwenyeji ndiye humpa mgeni nauli. Yeye aligeuza mambo makusudi, kwa sababu ananijua: mimi ni mtu wa "nitakuja", halafu siji.

Noti niliiweka kabatini. Sarafu moja kati ya zile nne, ya yuro mbili, nilitembea nayo mfukoni, nipate kitu cha kushika. Jumamosi moja nikateremka kufua, nikaitumbukiza kwa kukosea kwenye mashine ya kufulia inayolipiwa kwa sarafu, maana ina duara la njano katikati kama ya dola mbili ya huku. Mashine ikaimeza na isifue. Niliipiga teke, kisha nikalia mbele ya nguo chafu, mtu mzima na akili zangu.

Likizo nilikuwa nayo, hati za kusafiria pia. Nilichoogopa ni kurudi. Nikishakaa wiki mbili kwenye nyumba yenye watu, chumba hiki ningekiingiaje tena?

Miaka mitatu baadaye dada akapiga simu.

"Ile nauli bado unayo?"

"Ninayo yote."

"Basi mbona huji?"

Nikamwambia nasubiri baridi ipungue. Ilikuwa Julai, katikati ya joto la huku.

"Haya," akasema. "Vaa vizuri usipate baridi, mdogo wangu."