Bastola ya Ugali

Bosi wangu wa Riyadh alikusanya mifuko ya bastola. Si bastola, mifuko tu, ile ya ngozi ya kuvaliwa kiunoni, iliyoshonwa Ulaya zamani kwa ajili ya majeshi ambayo mengine hayapo tena. Bastola yenyewe hakuwahi kuishika. Fataki za sikukuu zikilia mtaani kwetu Malaz, alihamia chumba cha katikati na kufunga mlango. Lakini mifuko ilikuwa na chumba chake chenye AC, na mimi, dereva mwenye shahada ya historia, nililala ubavuni mwa tangi la maji.

Binti yangu alikuwa anaolewa Nakuru siku ya Jumamosi. Bosi alinipa ruhusa, pasipoti na tiketi ya Ijumaa usiku, kwa sharti kwamba nipandie ndege Jeddah, na kabla ya hapo nimpelekee rafiki yake wa mtaa wa Al-Safa, kulekule Jeddah, mfuko mmoja wa Kijerumani. Rafiki huyo aliugua ugonjwa uleule wa kukusanya mifuko. Gari angelirudisha Riyadh dereva wa huyo rafiki.

Tatizo ni kwamba ngozi kuukuu ikikaa tupu hujikunja na kupasuka. Bosi hakulala vizuri kwa wazo hilo. Ndipo dada mmoja wa Kitui, aliyefanya kazi za nyumbani mle ndani, akamwambia, "Baba, nipe picha ya hiyo bunduki."

Alisonga ugali mgumu, akaufinyanga kwa kufuata picha, akauanika juu ya paa. Jua la Riyadh likamalizia. Ukiugonga, ulilia kama tofali. Akauzungushia nailoni, ukaingia mfukoni sawasawa. Bosi aliupiga picha kama mtoto mchanga.

"Umeona, Digirii?" dada akaniambia. "Wewe kaa na historia yako."

Niliondoka Ijumaa alfajiri. Kwenye kizuizi cha polisi kabla ya Taif, askari alifungua mfuko, akatoa kilichokuwemo, akavua nailoni, akanigeukia.

"Hii nini?"

"Chakula, afande. Cha Kenya. Unga wa mahindi."

"Kenya mnakula bastola?"

Nilianza kumweleza juu ya ngozi, ukavu na Wajerumani. Kiarabu changu kilikuwa cha petroli na maegesho, hakikuweza mzigo ule, na kila sentensi iliniongezea kosa. Nikampigia bosi. Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa na simu ilikuwa imezimwa.

"Kama ni chakula," askari akasema, "kula."

Niling'ata mtutu. Mtutu haukuvunjika, lilivunjika jino. Askari wa pili alinionea huruma, akaniletea chai. Basi nikasimama kando ya barabara kuu, mtu mzima, nachovya bastola kwenye glasi na kuitafuna, huku nikiwaza binti yangu atakavyoingia kanisani bila baba. Mtutu ulipokwisha nikauliza, "Halas?"

"Bado. Risasi hukaa kwenye mpini."

Nikala mpini. Mwishowe askari alikimega kile kidude cha kufyatulia, akakitafuna kwa muda, akifikiri.

"Haina chumvi," akasema. "Yalla, nenda."

Yule mzee wa Al-Safa aliupokea mfuko ukiwa umelegea kama soksi. Alimpigia bosi palepale getini, spika ikiwa wazi, mimi nikiwa na begi mkononi.

"Dereva wako ameila bastola."

Nikatazama saa. Bosi akauliza:

"Mfuko umepasuka?"

"Haujapasuka."

"Basi mpeleke uwanja wa ndege."

Nilimfikisha binti yangu madhabahuni. Katika picha zote shavu langu la kushoto limevimba, na wakwe zangu hadi leo husimulia jinsi nilivyokuwa nikijikaza nisilie. Kwenye meza kuu tuliandaliwa ugali. Nikaomba wali.